Makali Baada ya Kikao
"Nipeni udiwani, na katika kata hii hata kuku hatachinjwa bila mimi kujua!" alitamba diwani wetu siku moja jukwaani Nambambo, na wenye kuku wakapiga makofi haraka haraka. Udiwani alipewa, karakana ya chuma anayo, lakini bado anatembea kama kamanda wa mgambo, kifua mbele, kitambi kikifuata kwa amri. Haupi mlango mgongo hata akila. Akikusalimu, anakibana kiganja chako kwa vidole vilivyoungua, na haachii mpaka useme kilichokuleta.

Asubuhi ile kiganja kilichobanwa kilikuwa cha Imrani, ambaye ng'ombe walimlia ufuta ekari mbili. Nyuma yake walisimama wenzake kumi na mmoja, wote wakitaka mapanga. Ndani alikuwamo Ngolo, mwenye ng'ombe hao, akisubiri ekseli ya mkokoteni wake. Diwani aliuliza: "Mnafyeka nini mwezi huu, vijana?" "Nyasi, mheshimiwa." "Nyasi zenye pembe?" Ngolo aliishika fimbo yake vizuri.

Mapanga ya diwani hutoka motoni yakiwa butu, magumu hata tupa haiyanoi. Makali huyatia mwenyewe kwenye mashine, bure, mteja akisubiri. Safari hii aliichomoa mashine kwenye umeme, akauviringisha waya mkononi taratibu. "Makali ni Jumatatu, baada ya kikao cha fidia ya ufuta. Ngolo, usipokuja, nitawanolea hawa wote kwa mkono wangu." Kisha akamgeukia Imrani na kumtajia bei ya panga butu: shilingi elfu tisa.