Sindano ya Shamte

Miaka ya utoto wangu kule Dimani, kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao wanawake hawakuutaja kwa jina mbele ya mtoto mchanga. Jina lenyewe ni degedege. Wao walisema "yule ndege," wakishusha sauti, kwa kuwa ilisadikiwa kwamba yupo ndege apitaye juu ya mapaa, na mtoto akiangukiwa na kivuli chake hushtuka, akakakamaa, akageuza macho. Sisi watoto tulilijua hilo kama tulivyoijua njia ya kisimani. Tulijua na jingine, lililotutisha zaidi: mtoto wa degedege hachomwi sindano. Akichomwa, anakufa palepale.

Nilikuwa darasa la pili mdogo wangu Shamte aliposhikwa na homa. Alikuwa hata hajakaza miguu ya kutembea. Baba alikuwa amepeleka mkaa Dar es Salaam, na nyumbani tulibaki Mama, Bibi mzaa Baba, mimi na Shamte. Siku hizo maduka ya watu binafsi yalikuwa yameanza kujaa vitu, na duka la pale njia panda liliuza vidonge pamoja na sabuni na mafuta ya taa. Mama akanunua klorokwini, akampa kama alivyoelekezwa na mwenye duka. Homa ikashuka, ikapanda. Ikashuka, ikapanda tena. "Ni homa tu, itaondoka," Mama alisema, lakini kila alipopita alimgusa mtoto paji la uso, na kila alipomgusa nilimwona akijiuma mdomo.

Mchana mmoja Mama alikwenda kuteka maji. Bibi alikuwa uani akipepeta mpunga. Mimi niliachiwa Shamte kwenye mkeka, nikawa nampepea kwa ncha ya khanga. Mkono wake ukaanza kuchezacheza. Nikadhani ananitania, nikacheka. Mara macho yakapanda juu, nikaona weupe mtupu. Meno yakabana, mwili ukakakamaa kama ukuni, kisha ukaanza kutikisika wote. Nikapiga kelele. Bibi akaingia mbio kutoka uani.

"Mlaze ubavu! Usimpigie kelele!"

Alimfunika kaniki, akavuta kopo uvunguni mwa kitanda. Ndani mlikuwa na kinyesi kikavu cha tembo, dawa yetu ya degedege. Akakimega, akakitia kwenye kaa la moto, chumba kikajaa moshi mzito. Mimi nilishika vimiguu vya Shamte, navyo vikinipiga viganjani. Nilikuwa natazama paa. Niliamini ndege yuko pale juu, ametulia, anasubiri.

Mama aliporudi, mtikisiko ulikuwa umekoma. "Amenyamaza," Bibi alisema. "Mwacheni alale."

Lakini ule haukuwa usingizi. Mama alimwita, akamfinya kidogo sikio, akampangusa kwa maji. Shamte alifumbua macho, ila hayakumtazama mtu. Kabla ya alasiri akakakamaa mara ya pili, na moshi ule ule ukafukizwa, safari hii mtikisiko ukachelewa kumwachilia.

Mama akajifunga khanga kiunoni. "Mama, nampeleka hospitali."

Bibi alisimama mlangoni. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, wala siku ile hakuipandisha. "Unampeleka kuchomwa."

"Nampeleka akatazamwe."

"Wakimtazama watamchoma. Mwanahamisi nilimpeleka mwenyewe, kwa miguu yangu hii. Alikuwa anapumua. Wakamchoma, akakata roho mapajani kwangu. Nimeona, mwanangu. Sikusimuliwa."

Mwanahamisi alikuwa kitindamimba wake. Mimi nilikuwa nikimsikia kwenye dua za marehemu tu, na sikuwahi kuambiwa alikufaje. Nilisimama katikati ya watu wawili niliowaamini kuliko wote duniani, nikatambua kwamba mmoja wao lazima amekosea, na kwamba tusipomjua ni yupi, Shamte atakufa. Sijawahi kuogopa vile tena, hata ukubwani.

Mama akamwinua Shamte mkekani. Kisha akasema kwa upole ambao mpaka leo nauwaza, "Basi twende wote, Mama. Usiniache nikaenda peke yangu."

Bibi akalitafuta baibui lake.

Tulipata lori la mkaa barabarani. Dereva alipomwona mtoto aliteremka mwenyewe, akawapandisha Mama na Bibi mbele, mimi nikarushwa juu ya magunia. Njia nzima nilitega sikio. Kila lori lilipopunguza mwendo kwenye mchanga nilisema moyoni, tayari, wanasimama kwa sababu amekufa.

Hospitalini alitupokea muuguzi mmoja mama wa bara, mrefu, Kiswahili chake si cha kwetu. Akamwamkia Bibi, akamtoa Shamte damu kidogo kidoleni, akaipeleka kupimwa. Aliporudi alisema malaria imepanda kichwani, anatakiwa kutundikiwa dripu ya kwinini sasa hivi.

"Sindano hapana, mwanangu," Bibi alisema. "Ninaye mmoja aliyekufa kwayo."

Nilitegemea atafokewa. Muuguzi akachuchumaa mbele yake. "Huyo mwingine, bibi, alikuwa ameugua muda mrefu kabla hujamleta?"

"Mrefu. Tulianza kwa fundi wa uganga, tukaenda kwa fundi mwingine."

"Alikuwa akikutambua?"

Bibi aliinamisha uso. "Hakuwa akinitambua."

"Basi yule sindano ilimkuta njiani anakwenda."

"Na huyu? Ukimchoma, utaniahidi hafi?"

"Siwezi kuahidi. Ninachojua, tukimwacha hivi hatutoki naye."

Bibi alimtazama Mama, akamtazama Shamte. Kisha akakunja mkono wa baibui, akaushika mkono wa mjukuu wake, akaunyoosha. "Mchome nikiwa nimemshika."

Sindano ilipoingia, Bibi alifumba macho, midomo ikicheza. Mimi nilitazama kifua cha Shamte. Kilipanda. Kikashuka. Kikapanda.

Asubuhi alilia kwa njaa. Mama akacheka. Bibi, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu mwanzo, alikaa sakafuni akalia mpaka wagonjwa wengine wakamgeukia.

Shamte sasa ni fundi mwashi Kibiti. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu siku zile, ukitaka kuzungumza naye ukae upande wake wa kulia. Bibi mpaka anafariki aliendelea kusema kwamba moshi ndio uliomshikilia, na Mama hakubishana naye hata siku moja. Lakini mtoto wa jirani alipopatwa, Bibi alifukiza huku akiagiza baiskeli itolewe, apelekwe hospitali.

Mimi nimelea wangu, nimekesha na homa zao. Najua malaria inatoka kwa mbu, na kwamba homa kali yenyewe yaweza kumkakamaza mtoto mdogo. Hata hivyo siwezi kumwita Bibi mjinga. Alimwona mtoto aliye hai, akaona sindano, akaona mtoto aliyekufa, na miaka yote ile hakuna aliyekaa naye akamweleza kilichotangulia. Watu humsifu Mama kwa ujasiri wake, nami namsifu. Ila Mama alikwenda kule akiwa na tumaini. Bibi hakuwa nalo. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba anamshikilia mjukuu wake afe, na bado hakuuachia ule mkono.