Abigaïl Hakuomba Radhi kwa Kupona

Surua ilipoingia katika lupango la Edmond, ule ua wa nyumba za familia, watoto watano waliugua na wa sita hakuguswa. Huyo wa sita alikuwa Abigaïl, msichana wa miaka minane. Mama yake alikuwa amekufa siku nyingi. Baba yake, Gaston, alifanya kazi ya reli hapa Kamina na aliishi kwa kaka yake huyo Edmond, nyumba zao zikitazamana.

Abigaïl ndiye aliyewapangusa wenzake macho yaliyogandamana usaha, akawanywesha maji kwa kijiko kwa sababu midomo ilikuwa vidonda vitupu. Usiku alilala nao mkeka mmoja. Juma moja halikuisha, watoto wawili wa Edmond, Mwanza na Kabange, wakawa wamezikwa. Abigaïl hakukohoa hata mara moja.

Kutougua huko ndiko kulikomponza. Mchungaji aliyeendesha maombi katika nyumba ya jirani alikuja kuwaombea waliobaki. Alipomaliza, akamtazama yule mzima aliyesimama mlangoni na ndoo.

"Huyu njo alibakula," akasema, yaani ndiye aliyewala wenzake kwa uchawi.

Edmond hakuuliza mara ya pili. Nguo za mtoto zilitupwa barabarani, naye akafuata nguo zake. Gaston alirudi kutoka kazini, akaambiwa, akanyamaza. Miaka mingi baadaye Abigaïl aliniambia kwamba maneno ya mchungaji aliweza kuyatafuna akayatema, lakini ule unyamavu wa baba yake ulimkaa kooni.

Aliyemchukua ni Rehema, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Maniema na ambaye anauza vitenge sokoni. Wenzake wa sokoni walimwonya.

"Mama Rehema, usimukamate ule mutoto. Atakumaliza."

"Basi aanzie kwangu," Rehema akajibu. "Minyi niko munene, nitamushibisha."

Mimi, Kasanda, nilikuwa jirani yao, na sekondari tulikaa benchi moja, kitengo cha biolojia na kemia. Jina la uchawi lilimfuata hadi shuleni. Kuna waliokataa kunywa kwenye kikombe alichonywea. Yeye akachagua benchi la mbele kabisa, katikati. "Kila mwenye anaangaria tablo," aliniambia, akiuonyesha ubao, "ataangaria na kichwa yangu."

Tulikuwa mwaka wa tano Profesa Ngandu, mwalimu wetu wa biolojia, alipofika kwenye somo la damu. Programu ni ya Kifaransa, lakini akiona macho yetu yamepotea, aliweka chaki chini na kutueleza kwa Kiswahili. Alichora moyo wenye vyumba vinne, mishipa inayotoka na inayorudi. Alituambia tushike mkono pale kwenye kifundo tuhesabu mapigo. Kisha akaeleza chembe nyeupe: jinsi zinavyosafiri katika damu, jinsi zinavyomtambua mdudu wa ugonjwa, na jinsi baada ya vita baadhi yake zinabaki miaka na miaka, zikikumbuka sura ya adui.

Mkono wa Abigaïl ulikuwa umeshapanda. Surua aliiita kwa jina lake la Kifaransa.

"Profesa, mutu mwenye aligonjwa rougeole zamani, akilala na bagonjwa ya rougeole, atagonjwa tena?"

"Kwa kawaida hapana. Damu yake inamujua ule mududu. Akiingia tu, zile chembe zinamumaliza."

"Hata wakilala mukeka moya?"

"Hata mukeka moya."

Aliandika jibu hilo kwenye daftari, akalipigia mstari mpaka karatasi ikatoboka. Sikuelewa kitu. Kengele ilipolia akanishika bega. "Kasanda, kama niliisha kugonjwa nikiwa mudogo? Nani anajua?"

Aliyejua alikuwa bibi yake, mama wa mama, huko Katoto. Likizo ya Pasaka Abigaïl alipanda treni hadi Bukama, akamalizia safari kwa baiskeli ya kukodi. Alimkuta bibi akianika samaki, hata maswali mengi hayakuhitajika.

"Ulikuwa na mwaka moya," bibi akasema. "Mama yako alikuya nawe kunionyesha. Ukapata mapele mekundu mwili mzima, macho ikafunga. Masista ya dispensere balisema ni rougeole. Tulishaanza kulia."

Abigaïl alimwomba arudie polepole, akaandika kila neno.

Mwezi wa sita Gaston alituma ujumbe. Edmond yuko tayari kumpokea tena kwenye lupango, kwa sharti moja: apige magoti mbele ya familia, aungame alichofanya, aombe radhi, mchungaji amwombee. Abigaïl akakubali kwenda. Rehema alikasirika hadi akaangusha mita yake ya kupimia vitenge, lakini Abigaïl alimwambia atulie. Mimi akanichukua niwe shahidi.

Walikuwa wameweka mkeka wa kupigia magoti katikati ya uwanja. Edmond kwenye kiti, mchungaji kando yake, Gaston nyuma yao akitazama viatu vyake. Nathalie, mke wa Edmond, mama wa wale marehemu, alikaa chini karibu na mlango, mtoto mchanga mgongoni.

Abigaïl aliupita ule mkeka. Akaokota kipande cha kaa jikoni, akachora moyo ukutani, kwenye chokaa nyeupe ya nyumba ya Edmond.

"Weye unafanya nini?" Edmond akainuka.

"Mulisema niseme. Ninasema."

Akaeleza kila kitu, kuanzia chumba cha kwanza cha moyo hadi zile chembe zinazokumbuka. Akasoma maneno ya bibi yake. Mchungaji alitaka kuanzisha wimbo, hakuna aliyeitikia.

"Hii ni bitabu ya bazungu!" Edmond akapiga kelele.

"Damu hii haiko ya bazungu. Iko yangu." Akamgeukia Nathalie, akamwita shangazi kwa Kifaransa, akanyoosha mkono. "Tantine, tia kidole hapa."

Nilidhani Nathalie atakimbia. Miaka tisa hakuwa amemgusa mtoto yule. Aliutazama mkono, kisha akaweka vidole viwili kwenye kifundo, akavibakiza pale. Alipozungumza, akiwataja wale wa sindano ya chanjo, sauti ilikuwa ndogo.

"Bale ba shindano balipita hapa mwaka ule. Tuliwafukuza. Kama batoto bangepata ile shindano... damu yao ingejua?"

Abigaïl angeweza kumwonea huruma kwa uongo.

"Labda, Tantine," akasema. "Mara mingi inajua."

Nathalie akalia, bila kuuachia mkono. Edmond akaingia ndani, akafunga mlango. Ndipo Gaston akasogea, akamnong'oneza binti yake: "Mama, sema tu radhi, neno moya, yaishe. Tupate amani."

"Baba, minyi sitaomba radhi juu ya kupona. Hapana leo, hapana kesho. Wewe njo ulinyamaza. Sema yako."

Gaston akarudi nyuma ya kile kiti. Tukaondoka, lile kaa bado mkononi mwa Abigaïl.

Edmond alipaka ukuta chokaa siku iliyofuata, na hadi leo wakikutana anageuza uso. Gaston alichukua mwaka na nusu. Alikuja sokoni kwa Rehema, akasimama katikati ya wateja na kofia mkononi, akasema kwa sauti kwamba alijua binti yake hana kosa na aliogopa. Abigaïl alimsikiliza hadi mwisho, akampa kiti, hakumpa zaidi ya hapo siku ile. Nathalie alimpeleka mwanawe wa mgongoni kupigwa sindano bila kumwomba mume wake ruhusa.

Leo Abigaïl ni mwalimu wa biolojia hapa Kamina. Mwaka jana mzazi mmoja, Amédée, alikuja shuleni kulalamika kwamba mwalimu huyu anawaharibu watoto, anawaambia magonjwa hayatumwi na mtu.

"Unaweza kunifunga kinywa ukiisha kusikia," Abigaïl alimwambia. "Ingia. Nafasi iko."

Amédée alikaa benchi la nyuma, magoti yamebana, saa nzima. Wanafunzi walipoambiwa washike kifundo cha mkono na kuhesabu, naye alishika. Alitoka bila kuaga. Wala hakumhamisha binti yake kwenda shule nyingine.