Maneno Manne ya Kufuli

Jina la Kufuli tulimpa sisi wenyewe, wanawake wenzake wa ukumbi wa kushona, wala hakukasirika. Lilimfaa. Ungemwambia siri Jumatatu, na Ijumaa umbea wa siri hiyohiyo ukipita mbele ya cherehani yake, yeye anapandisha zipu ya sare ya shule, kimya, utadhani ndiyo kwanza anasikia. Lakini ukiacha siri za watu, alikuwa msemaji hasa. Aliimba akishona. Aliwatania wateja walionenepa na kusema sisi ndio tumekosea kipimo. Na kila mwanamke mle ndani alimwita dada, mkubwa kwa mdogo. Mimi ni mkataji, meza yangu inatazamana na cherehani yake, kwa hiyo kwa miaka tisa niliitwa dada mara ishirini kwa siku. "Dada, nipunguzie hapa." "Dada, mkasi wako umelala leo." Nilizoea.

Tulikuwa ishirini na wanane na tulikuwa na sanduku. Kila Ijumaa kila mmoja alitia akiba yake mbele ya wote, kisha likafungwa kwa kufuli tatu, funguo zikakaa kwa watu watatu: Mwenyekiti wetu, Kufuli, na mimi. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Akiba ile ilikuwa na kazi moja tu, kuununua ukumbi. Mwenye nyumba alikuwa mzee, na alituahidi kwamba siku ya kuuza tutakuwa wa kwanza kuulizwa. Siku hiyo ikitukuta mikono mitupu, tungetoka na cherehani vichwani.

Sanduku lilituumiza mara mbili. Kwanza serikali ilibadilisha noti, na muda wa kubadilisha ukapita huku sisi tunabishana nani akapange foleni. Robo ya akiba ikawa karatasi ya kufungia karanga. Kisha wezi waliingia wakalibeba lenyewe na kufuli zake zote, sisi tukabaki na funguo tatu za kitu ambacho hakipo. Nilicheka siku ile, kicheko cha hasira, mpaka Mwenyekiti akanikanya. Benki nako tulijaribu. Makato ya kuweka, makato ya kutoa, na meneja anayeongea na wewe huku anatazama saa.

Ndipo mkwe wa Mwenyekiti, fundi simu, alipotuletea habari ya sarafu za mtandaoni. Alieleza kwamba hakuna sanduku wala benki, pesa haikai mahali, kwa hiyo mwizi hana cha kubeba. Kinachoifungua ni maneno kumi na mawili basi. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa. Nikamuuliza, je, yakipotea? Akasema yakipotea, imekwisha, hakuna pa kwenda kulalamika. Nikamwambia basi afadhali benki, angalau ina meneja wa kumtukana. Wakacheka, kisha wakapiga kura, na mimi pia nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimechoka kuibiwa.

Kosa letu lilianzia hapo, na ni kosa ambalo wangelifanya watu waliolelewa na sanduku tu. Mkwe alitushauri tuyaandike maneno yote pamoja, tuyafiche mahali salama. Tukasema karatasi inaibwa. Tukayagawa kama funguo. Alipomaliza kutufundisha tulimtoa nje, kila mmoja wetu watatu akaingia chumba cha kupigia pasi peke yake na simu, akasoma manne yake, akayashika kwa kichwa, akaapa mbele ya wote kwamba hatayaandika wala kuyatamka. Kufuli alichukua manne ya mwanzo, mimi ya katikati, Mwenyekiti ya mwisho. Yalikuwa ya lugha ya kigeni, maneno mepesi ya mambo ya nyumbani, na kila mtu aliyageuza kwa lugha yetu ili yakae kichwani. Kisha programu, yaani pochi yenyewe ya mtandaoni, ikafutwa kwenye simu. Kwa namba ya pochi kuingiza akiba tuliweza, kuona salio tuliweza, ila kutoa hata senti ilitaka watu watatu na vichwa vyao.

Kila Ijumaa Mwenyekiti alitusomea salio. Bei ya sarafu ilipanda na kushuka: wiki hii tuna ukumbi mzima na choo chake, wiki ijayo tuna ukumbi usio na paa. Wengine walianza kuumwa na kichwa. Mimi nilikuwa na jambo langu jingine, maana Kufuli alikuwa ameacha kuniita dada.

Mwanzoni nilidhani amechukia kitu. Alinigongea meza kwa kidole akaonyesha kitambaa. Nikangoja neno, halikuja. Kesho yake vilevile. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua, nikamwuliza nimekukosea nini? Akatikisa kichwa, macho yamemjaa maji. Nikamnunia. Mwezi mzima nilimkatia vitambaa vyake bila salamu, na ninajuta mpaka leo.

Baadaye nyimbo zikakoma. Wimbo una maneno mengi, na huwezi kujua lipi linakuja mbele. Mazungumzo yake yakawa mafupi, nipe ile, weka pale, kile cha juu. Siku moja mteja alitaka kujitazama na gauni lake jipya. Badala ya kumwelekeza, Kufuli aliinuka, akamshika mabega, akamsukuma taratibu mpaka mbele ya kioo, na yeye mwenyewe akageuza uso. Mteja alicheka. Mimi sikucheka, mwili ulinisisimka bila kujua kwa nini.

Alipoumwa mafua siku tatu nilikwenda kwake, nusu kumjulia hali, nusu kummalizia hasira zangu. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na chumbani kwake kulikuwa giza. Dirisha alikuwa ameligongelea mbao, akazifunika kwa kitenge. Kwenye ukuta kulikuwa na alama nyeupe ya mstatili pale kilipokuwa kioo chake. Alinipakulia maharage. Nikaonja. Nikamwuliza, bila kufikiri lolote, chumvi iko wapi. Upawa ukamtoka mkononi. Alinitazama kama mtu aliyeshikwa na mwizi gizani, akaweka kidole midomoni, akakiacha hapo mpaka nilipoomba radhi. Sikujua naomba radhi ya nini. Nyumba nzima haikuwa na chumvi hata punje.

Kilichonimaliza ni nilichokikuta nilipotoka. Dada yake, yule mkubwa aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa akiishi naye miaka yote. Nilimkuta amepanga chumba mtaa wa pili, anachambua mchele mlangoni. Alisema hawakugombana. "Hakunifukuza," akaniambia. "Aliacha tu kuniita. Nikiingia anatazama chini. Akilala anajifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, kama maiti. Nikimwuliza, analia. Sasa mtu akikaa na wewe hivyo, utabaki?"

Nilitembea hatua chache, nikasimama katikati ya njia. Chumvi. Dirisha. Kioo. Dada. Haki ya Mungu nywele zilinisimama. Maneno yake manne, na sikuwa nimeyatafuta. Alikuwa ameyalinda mpaka akayatoa kwenye maisha yake moja moja, na pale yalipotoka pakabaki shimo la umbo lake, mtu yeyote mwenye macho angeliona. Nilikuwa nimebeba maneno manane kati ya kumi na mawili.

Ilinipasa kusema. Sikusema. Ningeanzaje? Nikahofia kwamba kama mimi nimeona, na mwingine ameona. Na kama Kufuli ameonekana, huenda na mimi naonekana. Nikaanza kuyataja maneno yangu kwa makusudi, hovyo, kwa sauti, siku nzima, ili yasionekane nayaficha. Mume wangu akaniuliza kama niko sawa. Na nitasema ukweli wote, maana nusu ukweli haunisaidii: nilijikuta nikimtazama Mwenyekiti mdomoni. Anaongea na mteja, mimi nahesabu asichokisema. Pesa ya sanduku haikuwahi kunifanya hivyo. Lile ulihitaji nondo kulivunja. Hili nililivunja nikiwa nimeketi, nakata kola, na sikuweza kujizuia.

Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, mwenye nyumba alifariki. Watoto wake walikuwa waungwana. Waliheshimu ahadi ya baba yao, lakini walikuwa na mnunuzi mwingine, wakatupa mpaka Jumatano saa kumi jioni. Salio wiki ile lilitosha, ziada yake kidogo sana. Tulikutana Jumatano mchana chumba cha pasi, sisi watatu, na mkwe amesimama nje ya mlango ili tumwulize tukikwama. Wenzetu ishirini na watano walikaa ukumbini bila kugusa cherehani.

Mkwe alikuwa amerudisha programu, na simu ilianza kwa Kufuli. Akaishika kwa mikono miwili. Dakika tano, kumi. Mwenyekiti alimwambia pole pole kwamba sasa ni ruhusa. Kidole chake kilikuwa juu ya herufi, hakishuki. Midomo ikafunguka, koo likapanda na kushuka, hakuna kilichotoka. Hakuwa ameyasahau, nilimwona machoni. Yalikuwa yamefungwa na yeye mwenyewe alikuwa nje. Saa nane na nusu. Saa tisa. Ukumbini mtu mmoja akaanza kulia, sauti ya chini.

Nikamwondolea simu mkononi. Nikamwambia, taratibu kadiri nilivyoweza, "Chumvi. Dirisha. Kioo. Dada. Sivyo?"

Kufuli akaziba masikio. Akajikunja kwenye kiti kama mtu aliyepigwa tumboni. Mwenyekiti aligeuka akanitazama, na uso ule sitausahau.

Niliyaandika kwa ile lugha ya kigeni, nikaweka yangu, nikampa Mwenyekiti, akaweka yake huku amenigeuzia mgongo. Simu ikakataa. Mpangilio ulikuwa si wenyewe. Mkwe alisema kutoka nje kwamba maneno manne yanapangika kwa njia ishirini na nne, hakuna ujanja, tujaribu. Tukajaribu. Kila simu ilipokataa, Kufuli aliguna. Nilikuwa nahofia kukosea, na nilikuwa nahofia zaidi kupatia. Ya kumi na tisa ikafungua. Pesa yote ilikuwemo, na mkwe akatusaidia kuziuza sarafu. Saa kumi kasoro dakika sita Mwenyekiti aliwaonyesha wale watoto wa marehemu kwamba imeingia kwenye akaunti yao ya benki, mhuri ukapigwa, ukumbi ukawa wetu.

Nilitegemea vigelegele. Vilipigwa, lakini wenzangu walinikaa mbali. Mwenyekiti alikuwa ameshawaambia kwamba niliyajua maneno ya mwenzangu. Ijumaa iliyofuata kikundi kikakubaliana kurudi benki, na makato yake yote, kwa saini za watu watatu. Kisha likaulizwa swali, nani anaona mkataji asipewe tena saini wala ufunguo wa kitu chochote. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Kufuli. Sikumlaumu. Nilimwokolea paa la kazi yake, lakini pia nilimsikia pale ambapo hakutaka kusikiwa na mtu.

Alipita mezani kwangu jioni ile. "Ulijua tangu lini?" akaniuliza. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia mwaka ule.

Nikamwambia tangu maharage. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufunika cherehani yake.

Mwenyekiti alimweleza mbele yangu kwamba ile pochi sasa ni tupu, maneno yale hayafungui chochote, anaweza kuyapaka ukutani akitaka. Akasema amesikia. Wiki mbili zikapita na bado ni nipe ile, weka pale. Roho iliniuma. Jumapili nikamfuata dada yake mtaa wa pili, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo. Yule dada alilia, akacheka, akasema kumbe ni hivyo tu. Akavaa nguo yake nzuri, ile Kufuli mwenyewe aliyomshonea. Akanunua pakiti ya chumvi njiani, kwa utani, tumpelekee kama zawadi. Njia nzima alikuwa anajiuliza aanze kumwambia nini.

Tulibisha hodi. Kufuli akafungua. Nyuma yake mbao zilikuwa zimeondolewa dirishani na mwanga ulikuwa umeingia mpaka sakafuni, nikasema moyoni, afadhali. Alimtazama dada yake kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaitambua ile nguo, uso ukamchangamka. Midomo ikafunguka. Nikaona koo lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, na yule dada akinyoosha mikono yote miwili, akingoja.

"Karibuni, wageni," akasema Kufuli.

Dada yake akashusha mikono, akavua viatu mlangoni, akaingia na kukaa ukingoni mwa kiti.