Babu Aliyeupa Uwanja Mgongo

Udongo mwekundu uliomwagiwa maji saa nane mchana una harufu ya chungu kipya, na kila ninapoisikia narudi mjini Kisii, likizo ya Agosti, miaka ya tisini mwanzoni, nikiwa na umri wa miaka kumi. Nyuma ya klabu ya mji kulikuwa na kiwanja kimoja cha tenisi kilichozungukwa na ua wa misipresi. Mama, aliyekuwa mwalimu huko Keumbu, alijifunza mchezo huo katika chuo cha ualimu na hakuuacha alipoolewa. Siku za kawaida mikono yake ilinuka chaki na moshi. Jumamosi alivaa sketi nyeupe iliyoishia juu ya magoti akawa mtu mwingine, nami nilimpenda sana huyo mwingine.

Sketi hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Sisi Abagusii tuna chinsoni, heshima ya wakwe: baba mkwe haingii nyumbani kwa mwanawe, na mke wa mwanawe hamwonyeshi hata goti. Jamaa wa ukoo wenye midomo mirefu wakampelekea babu, baba yake baba, habari kwamba mkaza mwanawe anakimbia mapaja wazi mbele ya watu. Walitaka amkataze. Baba hakumtetea mama, maana neno la babu likishatoka halikurudi. Babu akasema yeye hahukumu kwa kuambiwa. Angekwenda mwenyewe siku ya fainali ya wanawake ya mashindano ya klabu, ndipo aamue kama mama ataendelea kucheza au ataacha. Hakuna aliyethubutu kumuuliza angetazamaje kitu asichoruhusiwa kukiona.

Jibu alikuja nalo mwenyewe. Alifika na koti lake zito, akachukua kiti, akakigeuza na kuketi akiutazama ua, mgongo kwa uwanja. Watu walicheka chinichini. Yeye hakujali, akaniita na kuniambia kwa Ekegusii, "Kemunto, kaa hapa kando yangu. Leo wewe ndiwe redio yangu." Nikakaa, nikijua kilichomleta.

Mpinzani wa mama alikuwa Mama Nalini, aliyeuza vitambaa dukani mwao pale mjini. Mama alipiga mpira kana kwamba anapasua kuni na alikimbia kila kona. Mama Nalini hakuwa na haraka na chochote. Aliugusa tu, ukadondoka karibu na wavu na kufa hapo hapo. Mashabiki nao walikuwa hivyo hivyo. Upande wetu walijaa walimu na akina mama wauza ndizi wa Keumbu, ambao hawakuwa wameona tenisi maishani. Kwao mpira uliovuka ua ulistahili vigelegele, kwa kuwa umepigwa ukaenda mbali. Upande wa pili familia za wenye maduka zilikaa na chupa zao za chai, zikapiga makofi machache kila Mama Nalini alipopata pointi na kunyamaza kwa pamoja.

Mama alichukua seti ya kwanza, akapoteza ya pili. Ya tatu ilipofika nne kwa nne, akaanza kuchoka, nami nikaanza kudanganya. Akipiga wavuni, nilimwambia babu amepata. Mpira ukitoka nje, nilisema umeingia, na vigelegele vya wauza ndizi vilinisaidia. Niliamini kwamba akisikia mama ameshindwa, atasema haya yote yalikuwa aibu ya bure. Katika pointi ya mwisho hata akina mama wa ndizi walinyamaza. Mpira ulikwenda na kurudi hadi nikasahau kutangaza. Kisha Mama Nalini akaudondosha, mama akaukimbilia, akateleza, akaufikia akiwa chini, nao ukagonga wavu. Upande wetu ukalipuka kwa shangwe. Nikasema mama ameshinda.

"Wale wa chai wamepiga makofi?" babu akauliza. Nikakubali. "Basi ameshindwa." Akanieleza bila hasira kwamba watu wetu walikuwa wakishangilia kila kitu, kwa hiyo aliacha kuwasikiliza mapema na kuwafuata wale wengine. Nikalia, nikamweleza kwa nini nilidanganya. Baba alipokuja kusikia uamuzi, babu alizungumza bado ameutazama ua.

"Nimesikia miguu yake kwenye mpira ule wa mwisho. Hakuuacha. Basi asiuache mchezo. Mwaka ujao niwekewe kiti hivi hivi."

Mama aliposikia, alijifunga leso hadi kwenye vifundo vya miguu, akaja kumsalimu kwa mbali.

Leo nacheza mwenyewe, jijini, kwa sketi fupi kuliko ile. Baba mkwe wangu huketi mstari wa mbele na kunipiga picha kwa simu, na hakuna anayenong'ona. Nashukuru kwamba mambo yamelegea, maana wake wengi wa wakati ule walikatazwa mengi bila mtu wa kuwasikiliza. Lakini mkwe wangu hajalazimika kuacha chochote ili mimi nicheze. Babu alikuja fainali nne mfululizo, na alikufa bila kumwona mama akipiga mpira hata mmoja.