Kimya Ajijibia Mwenyewe

Dada yake pacha alimtangulia kuzaliwa kwa dakika ishirini tu, lakini alizitumia kama miaka ishirini. Mtu akimuuliza yule pacha mdogo hali, mkubwa ndiye aliyejibu. Hata daktari alipouliza panapouma, mkubwa ndiye aliyeonyesha. Basi mdogo akabandikwa jina: Kimya. Walipofungua karakana ya makochi, mkubwa alipokea wateja, Kimya akainamia cherehani.

Alipofikisha miaka thelathini na minane, Kimya alikata tiketi ya basi la kuvuka mpaka. Peke yake.

"Utapotea," dada yake akamwambia. "Hata soda huwezi kuagiza."

"Nikishikwa na kiu nitajua."

Juma la kwanza tu alipanda basi silo, akashuka mji asioujua, lugha haielewi. Alikaa stendi saa nzima akingoja wa kumuulizia njia, mpaka ikamwingia akilini kwamba hakuna. Akamwendea muuza magazeti, akamchorea kochi na sindano pembeni ya gazeti. Yule bwana akacheka, akamwelekeza mtaa wa mafundi.

Alikaa ugenini miaka miwili, nchi tano. Alishona viti vya hoteli, vya sinema, hata cha daktari wa meno. Alijifunza kufunga springi kwa kamba zisilegee, na kukataa chumba kisicho na kitasa. Tajiri mmoja alipomlaumu kwa kitambaa kilichoharibiwa na fundi mwingine, alitandaza vipande mezani, akajitetea kwa yale maneno kumi aliyokuwa nayo. Yakatosha. Tajiri alimwomba radhi mbele ya wote, na Kimya akala chakula cha mchana akitabasamu mwenyewe.

Aliporudi nyumbani, mteja aliuliza kama sofa lake kuukuu litatengenezeka. Dada akafungua mdomo.

"Niachie, dada. Hili nalijua."

Akalipindua sofa, akaeleza ubao upi umeoza na kazi itachukua siku ngapi. Mteja akaafiki.

Dada alinuna hadi alasiri. Kisha akavuta kigoda kando ya Kimya, aliyekuwa akifunga springi za lile sofa.

"Miaka miwili nimeongea na kushona peke yangu," akasema. "Kuongea nakuweza. Kushona kumenitoa jasho. Hizo kamba unafungaje?"

Kimya akampa ncha moja ashike, akaanza kumweleza, taratibu, na siku hiyo ni yeye aliyeongea mpaka wakafunga karakana.