Induru Niliyoipiga kwa Kucheka

Nilipiga induru ya uongo mchana, watu wamekaa kula. Nianzie hapo nisije nikajipamba. Mwanangu (ndiyo, nakuita mwanangu, nina miaka kumi na sita na ndevu nne, lakini kwa jambo hili nimeshazeeka), siku ile naikumbuka kuliko katekisimu yote waliyonifundisha mapadri wa Nyundo.

Kwetu Gisenyi induru si mchezo. Ukisikia ukelele ule wa hatari, hata kama tonge liko mdomoni, unaupokea na kuupeleka kwa jirani, ndipo unauliza kuna nini. Mimi niliona ndege ndogo ya Wabelgiji ikizunguka juu ya ziwa, ile ya kupiga picha milima. Nikapanda mparachichi, nikavuta pumzi: "Vita! Vita iko nakuja!" Mtaa wetu wa Mbugangari ukaitika, upande wa ziwa ukaitika. Nikacheka mpaka nikashika tumbo.

Kisha nikaingia nyumbani. Sahani ya Bibi imejaa, Bibi hayupo. Na mdogo wangu Zawadi, wa miaka miwili, hayupo.

Bibi huyu, mama yake mama, aliijua vita moja tu, ya Wadachi na Wabelgiji. Vita ile ilitembea kwa miguu. Mizinga ikilia mlimani, mwenye mtumbwi alikimbilia majini na kungoja huko. Ndivyo alivyomwokoa mama, akiwa mgongoni. Basi miguu yake iliamua yenyewe. Nilipofika ufukweni alikuwa ameshapiga kasia mbali, Zawadi mgongoni, na upepo wa mchana umeanza kuinua mawimbi.

Koplo, jirani yetu aliyepigana vita ya juzi, ile ya ndege, katika jeshi la Wabelgiji, alikuja mbio, shati nje.

"Mumama muzee kwenye maji! Ndege itamuona kama inzi kwenye maziwa! Vita ya leo unalala chini ya migomba, kila mutu kivyake!"

Bado hakujua kwamba vita yenyewe ni mimi.

Tulimwita. Akazidi kwenda. Mama, aliyetoka sokoni mbio, akashika kichwa. "Musimuite! Zamani maaskari waliita watu vile vile, 'rudini, imekwisha', wakawabebesha mizigo. Wengi hawakurudi."

We ungefanya nini? Nilimwambia Koplo ukweli. Akanipa kofi ambalo bado nalisikia, tukarukia mtumbwi. Tulipomkaribia nikapaza sauti: "Bibi, ni mimi! Nilidanganya!"

"Hata wale walidanganya!" Wala hakugeuka.

Nikajitupa majini, nikashika ukingo wa mtumbwi wake. Kasia likashuka juu ya vidole vyangu. Nikalia kama mbuzi. Kilio hicho alikijua, akainama kunitazama. Maji yaliyoingia mtumbwini yalikuwa yamemfika vifundoni, na Zawadi anatetemeka hata kulia hawezi.

"Na ile ndege?"

"Inapiga picha milima tu, Bibi."

"Milima imefanya nini?"

Nikapanda, nikashika kasia. Koplo alichota maji kwa kofia yake mpaka tukafika nchi kavu.

Mwanangu, utani sitauacha, usijidanganye. Lakini kabla hujacheza na hofu ya mtu mzima, muulize aliipata wapi. Vita imebadili njia, na miguu ya wazee wetu haijaambiwa. Waambie sasa, kwa sauti ya kawaida, nani atajificha wapi na nani atambeba mtoto. Siku hizi wakubwa wananong'ona, wakituona wananyamaza, na mimi nashtuka hata pikipiki ikipita. Mungu akulinde, na akulinde na watu kama mimi.

Mama hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Alimvua Zawadi nguo mbichi, akasema bila kunitazama:

"Kesho hauendi masomo. Utachimba shimo nyuma ya jikoni, utamuingiza Bibi yako, utajificha naye mule kila siku mpaka miguu yake ijue njia. Na Mungu akuzeeshe bila kulihitaji."