Swali la Mpishi wa Semina

Mwaka wangu wa tatu kazini kama afisa mazingira, nilipelekwa Haneti kuendesha semina ya siku mbili. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Makole, mjini, na nilikuwa najiamini kuliko nilivyostahili. Nilibeba projekta, jenereta ndogo na slaidi nilizoziandaa mwenyewe kwa wiki nzima. Ya kwanza ilikuwa na picha ya mwanamke aliyejitwisha kuni, na chini yake maneno makubwa: TATIZO NI SISI.

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, wanafunzi wakiwa likizo. Washiriki walikuwa wakulima, wengi watu wazima, wamebanana kwenye madawati ya watoto. Niliwaambia mvua imekuwa ya shida kwa sababu ya mkaa wao. Niliwasema kwa mifuko ya plastiki, kwa mbuzi wao, kwa kuchoma mashamba. Walinisikiliza kwa adabu na kuandika kila nilichosema. Hakuna aliyebisha, nami nikauchukulia ule ukimya kuwa wamekubali.

Chakula cha semina alipika mama mmoja mjane wa pale pale kijijini, wa umri wa kunizaa. Alikuja mlangoni kutuambia chai iko tayari, akanikuta katikati ya maneno, akasimama akasubiri nimalize. Kisha akaomba ruhusa ya kuuliza.

Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kigogo, na alikisema taratibu. Alieleza kwamba alisikia redioni kipindi kuhusu mataifa makubwa yaliyokuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia miaka ya nyuma. Mengine waliyalipua kwenye visiwa vya bahari ya mbali, mengine humu humu Afrika, jangwani Sahara. Kuna watu walihamishwa visiwani mwao na hawajarudi. Kuna kisiwa ambako majivu yaliwadondokea watu, watoto wakayachezea kwa kutojua, wakaugua.

"Mwanangu," akaniambia, "mkaa natumia, sikatai. Nauliza tu: hao waliolipua bahari na jangwa, semina yao ilifanyika wapi, na nani aliwapikia?"

Hakuna aliyecheka. Mkuu wangu wa kazi, aliyekuwa amekaa nyuma, akasema hilo liko nje ya mada, twende tukanywe chai. Yule mama akajibu, sawa baba, akarudi kwenye sufuria zake.

Niseme ukweli, nilikasirika. Niliona amewapa watu kisingizio. Baada ya chakula cha mchana nikamfuata kwenye kibanda alichopikia nyuma ya darasa, nia yangu nimweleweshe. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Hapo ndipo nilipoliona jiko lake. Alikuwa amelizungushia udongo mzito kwa mikono yake mwenyewe ili joto lisipotee, na chakula cha watu wote wale alikuwa amekipika kwa magunzi ya mahindi na mkaa usiojaza hata karai.

Aliniona ninavyolitazama. Akafuta mikono, akaniambia twende nikalione shamba lake, si mbali. Nilitegemea kuona ardhi kavu, nyekundu, kama niliyoiacha njiani. Nikakuta miti, na chini yake uwele umesimama vizuri. Hakuwa amepanda hata mmoja. Ilikuwa ni visiki vya miti iliyokatwa zamani. Kila kisiki alikichagulia machipukizi machache yenye nguvu, akapunguza mengine, akayalinda yasiliwe na mbuzi, mwaka baada ya mwaka, peke yake tangu mumewe afariki. Mimi nilikuwa na slaidi nne kuhusu kurudisha uoto wa asili, na sijawahi kukata chipukizi hata moja.

Nikamuuliza, kama anafanya yote haya, kwa nini aliuliza lile swali.

"Kwa sababu uliandika tatizo ni sisi," akasema. "Nikikosea nisemwe, nitajirekebisha. Lakini ukinibebesha na mzigo wa mwingine, huyo mwingine anakwenda zake mikono mitupu."

Niliporudi Makole nilianza kusoma. Nilikuwa na shahada ya mazingira, na habari za mabomu yale zilikuwa zimenipita kwa aya moja tu ya kitini. Nilisoma jinsi vumbi lake lilivyopanda angani likazunguka dunia, likaonekana hadi kwenye maziwa ya watoto waliokuwa mbali kabisa na milipuko. Niliona picha za wazee wa visiwani wakieleza habari za nyumbani kwao wasikoweza kulima tena. Nikaifuta slaidi ya kwanza.

Mkuu wangu hakufurahi. Alisema semina ni ya miti, siasa tuwaachie wanasiasa. Kwa mara ya kwanza nilibishana naye, tukakubaliana niseme kwa mdomo tu, kwa kifupi, bila picha.

Semina iliyofuata ilikuwa Gulwe, ambako mafuriko yamekula mashamba na kusumbua reli mara nyingi. Nilipomaliza kueleza habari za mabomu, mwanamume mmoja akasimama. Akauliza, kwa hiyo tuache miti, tuwasubiri hao wakubwa?

Nikamjibu kwamba Haneti kuna mama ambaye hakuwasubiri, nikaeleza alichokifanya. Yule bwana akataka kujua machipukizi yanachaguliwaje. Sikujua vya kutosha. Nikampigia simu yule mama mbele yao wote, nikaweka sauti ya juu. Alijibu maswali akiwa shambani, upepo ukivuma kwenye simu, hadi muda wa maongezi ukaniishia. Siku ile watu walibisha, walicheka, walinikosoa. Mkuu wangu alikuwepo, alisikia kila neno.

Ndiyo maana nilipomwomba mkuu huyo kwamba yule mama aitwe Haneti kama mwezeshaji, wala si mpishi, alisita kidogo tu. Alisema mama hana cheti, ameishia darasa la saba. Kisha akasaini.

Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa mgumu. Alitaka kujua atakayepika ni nani, na hakukubali mpaka alipomwelekeza mpishi mpya namna ya kutumia jiko lake. Aliposimama mbele ya darasa lile lile, mimi nilikaa kwenye dawati, magoti yamegusa ubao. Alichanganya Kigogo na Kiswahili. Wazee walionisikiliza kimya mwaka uliotangulia walimkatiza, wakabishana kuhusu mkaa unaopakiwa kwenda mjini kwetu. Hakumwonea mtu haya. Aliwaambia anayekata hovyo aache, hata awe shemeji yake. Kisha akawasimulia habari za mabomu, kama mtu anayesimulia yaliyowapata majirani.

Bibi mmoja akauliza kama wale watoto walipona.

"Wengine walipona," akasema, "wengine walikuja kuugua ukubwani. Redio haikutaja majina yao."

Akatuomba tusimame kidogo kwa ajili yao. Tulisimama, mkuu wangu naye, madawati yakagongana. Nimehudhuria makongamano mengi tangu hapo, yenye wasomi na wageni wa mbali, na sijakutana na mtu ninayemheshimu kama yule mama aliyesimama mbele yetu, kanga imefungwa vizuri kiunoni. Kisha akasema inatosha, tuchukue mapanga twende shambani kabla jua halijawa kali.